Jibu: foto za weusi na weupe za Birere zinatoka kijivu

Ndugu yangu, uliuliza juu ya nini foto zako za Birere, mtaa wa Goma, ukizigeuza weusi na weupe zinakuwa kijivu tu. Pale chini ni mawe meusi, lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilipita hapo, sasa kamera ikiona weusi mwingi inazani ni giza, inaongeza mwanga, jiwe linafanana majivu na shati nyeupe ya mwenye chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) inaungua kabisa, inabaki weupe mtupu. Weka -1 kwenye alama ya +/- ya kamera (exposure compensation) ipunguze mwanga, halafu toka asubuhi mapema jua likiwa bado chini linapiga kwa ubavu, utaona mikwaruzo ya mbao ya chukudu na mishipa ya mikono yake inajitokeza, ni muzuri sana kweli! Ila salimia mtu kwanza, na askari usiwaelekezee kamera hata kidogo.