Maswali ya Wasomaji: Pikapu Hii Ilikuwa Gari Gani?

Barua za mwezi huu zinahusu magari ya zamani yaliyokatwa yakafanywa pikapu. Anayekata gari hushughulika na paa, buti na viti vya nyuma. Sehemu ya mbele, chasisi na ekseli huziacha kwa sababu hazimzuii kubeba mzigo, na huko ndiko tunakoanzia kila tunapotafuta asili ya gari.

SWALI: Wahariri, salamu. Nimenunua Land Rover ndefu, 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli). Aliyeniuzia anasema ni pikapu ya kiwandani ya 1966. Ila tangi la mafuta liko nyuma kabisa, na fundi wangu anasema chasisi ina mikono ya pembeni ambayo hajaiona kwenye pikapu nyingine. Nimeuziwa nini? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Fundi wako ameona vizuri, mshukuru. Pikapu ya 109 ilitoka kiwandani na tangi chini ya kiti cha mbele. Tangi la nyuma ni la stesheni wagoni, ile ya milango mitano. Mikono ya pembeni nayo ni ya stesheni wagoni: ndiyo iliyoshika sakafu iliyoshuka, mahali pa miguu ya abiria wa safu ya pili. Mkataji aliondoa paa na milango ya kati, akasogeza mbele ukuta wa nyuma ya viti, akaziba pengo kwa bati. Chungulia nyuma ya kiti cha dereva, chini ya bati la sakafu. Ukikuta lile shimo la miguu limefunikwa, hapo hakuna tena la kubishana.

Hata hivyo ushahidi mkubwa ni namba. Imepigwa kwenye chuma cha chasisi upande wa kulia mbele, pale springi ya mbele inaposhikwa, karibu na bampa. Loweka mahali hapo kwa mafuta ya taa usiku kucha, kisha sugua kwa brashi ya waya laini. Usitumie grenda wala msasa mkavu, maana namba ile haina kina na dakika moja ya grenda inatosha kuifuta. Ikiwa hafifu, paka chokaa, ufute juu juu kwa kitambaa ili chokaa ibaki kwenye mikwaruzo, halafu mulika tochi kutoka ubavuni.

Land Rover Series IIA ilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, na tarakimu tatu za mwanzo za namba yake zinataja aina. Kwa 109 ya petroli yenye silinda nne, 251 hadi 255 ni ile ya kawaida, na 261 hadi 265 ni stesheni wagoni. Za dizeli ni 276 hadi 280 kwa ya kawaida, na 281 hadi 285 kwa stesheni wagoni. Katika zile za petroli tarakimu ya tatu inaongeza habari: 1 ni gari la soko la Uingereza, 2 ni la kuuzwa nje lenye usukani wa kulia, 3 ni la usukani wa kulia lililosafirishwa vipande vipande likaungwe kwingine. Kwa hiyo 262 ni stesheni wagoni iliyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, ikiwa nzima, kwa ajili ya nchi zinazoendesha kushoto kama zetu. Wenye Series III, iliyofuata IIA, watumie 911 hadi 915 kwa petroli ya kawaida na 931 hadi 935 kwa stesheni wagoni.

Ukishapata namba, andikia British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, wanaotunza kumbukumbu za kiwanda. Kwa malipo hutoa cheti chenye tarehe ya kuundwa, tarehe ya kuondoka kiwandani, lilikopelekwa, rangi ya awali na namba ya injini. Gari la vipande kwa kawaida huwa na habari chache zaidi, kwa sababu kiwanda kiliandika kasha lilikokwenda tu.

Angalizo moja: usiamini kibati cha namba kilichofungwa ndani ya gari peke yake. Kibati hufunguliwa kwa bisibisi na kuhamishiwa gari jingine. Kama namba ya kibati na ya chasisi hazilingani, omba cheti kwa namba ya chasisi.

SWALI: Pikapu yangu ya Peugeot 504 imeandikwa kwenye karatasi kuwa ya 1974. Nikipakia saruji mkia unalala na milango inagoma kufunga. Springi nimebadilisha mara mbili. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mwaka huo unatosha kukujibu. Peugeot 504 ilianza kuuzwa 1968, lakini pikapu yake ilitoka 1979. Pikapu ya 504 ya 1974 haipo. Ama karatasi ni za gari jingine, ama una saluni iliyokatwa, na milango inayogoma inatuelekeza kwenye hili la pili.

Hakikisha kwa futi ya kupimia. Weka gari kwenye sakafu tambarare, nyoosha usukani, teremsha timazi katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kisha pima kati ya alama hizo mbili. Saluni ni mita 2.74, stesheni wagoni 2.90, pikapu ya kiwandani 3.00. Pima pande zote mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, gari limepinda au liliungwa vibaya. Kisha ingia chini. Pikapu ya kiwandani ina springi za mabamba nyuma. Stesheni wagoni ina springi nne za duara, mbili kila upande. Saluni ina mbili tu.

Springi mpya hazitakusaidia, kwani saluni ya 504 haina chasisi ya kujitegemea. Sakafu, nguzo za milango na paa ndivyo vinavyobeba uzito kwa pamoja. Paa likikatwa nyuma ya dereva, mzigo wote unahamia kwenye sakafu na kwenye mabati ya chini ya milango, na gari linaanza kukunjika katikati. Tafuta nyufa chini ya nguzo iliyo nyuma ya mlango wa dereva, hasa palipojazwa puti. Puti ikipasuka kwa mstari uliosimama, chuma kilicho chini yake kinatembea.

Dawa ni kuziba nyuma ya viti kwa ukuta wa bati la milimita 2 uliochomelewa mfululizo, sakafuni hadi kwenye paa na nguzo hadi nguzo, pamoja na kupitisha chuma cha mraba chini kila upande, kuanzia zinaposhikwa springi za nyuma hadi mbele ya mlango. Uchomeleaji ufanyike gari likiwa tupu, limesimama juu ya stendi, na milango imefungwa ikiwa imekaa sawa. Ukichomelea gari likiwa limelala, utalifunga katika upinde ule ule. Hata baada ya hapo mzigo uwe mdogo. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani nzima, na gari hili liliundwa kwa watu watano na mabegi yao. Mifuko saba au minane inatosha.

SWALI: Ninafanya kazi ya kusafisha maghala ya mashamba huku Uingereza. Katika ghala moja kuna Rolls-Royce ya miaka ya 1920 yenye bodi ya mbao ya kubebea mizigo. Mwenye shamba anataka kuichoma ile mbao auze chuma. (Msomaji, Northampton)

JIBU: Mwambie mwenye shamba asubiri, tafadhali, na leo hii.

Rolls-Royce enzi hizo iliuza chasisi, injini na boneti tu. Bodi ilitengenezwa na karakana nyingine, kama Hooper, Barker au Park Ward, kwa matakwa ya mnunuzi. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano ile bodi nzito ya kifahari ilikuwa imepitwa na wakati, lakini chini yake mlikuwa na mashine isiyochoka. Ndiyo maana nyingi ziligeuzwa magari ya shamba, ya kuvuta magari mabovu au ya kubeba maiti, na wakati wa Vita Kuu ya Pili zikawa za wagonjwa na za zimamoto.

Kama ni ile ndogo ya 20 HP, iliyotengenezwa 1922 hadi 1929, umbali kati ya ekseli ni mita 3.28 na injini ina silinda sita zenye sentimita za ujazo 3,127. Ziliundwa 2,940 tu. Tafuta namba ya chasisi, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, kwenye kibati cha ukuta ulio kati ya injini na dereva, na pia kwenye chuma chenyewe. Namba ya injini ni tofauti na ya chasisi, ziandike zote mbili. Kadi za kiwanda za kila chasisi zimehifadhiwa Paulerspury, si mbali na hapo ulipo, kwenye makao ya Rolls-Royce Enthusiasts' Club. Kadi hutaja mnunuzi wa kwanza, aliyetengeneza bodi na namba ya injini. Injini ikilingana na kadi, thamani inapanda sana.

Mbao isichomwe kwa sababu wageuzaji wengi walibakiza nusu ya mbele ya bodi ya zamani. Angalia kizingiti cha mlango wa mbele, ndipo karakana zilipoweka kibati cha jina. Ng'oa zulia na ngozi polepole, kwani namba ya bodi mara nyingi ilipigwa au kuandikwa kwa penseli kwenye mbao za ndani. Piga picha kila tundu la bolti lililoachwa wazi juu ya chasisi, yanaonyesha bodi ya kwanza iliketi wapi.

Uliza pia daftari la usajili la zamani, lile la jalada la kaki. Humo aliandikwa kila mmiliki na mabadiliko ya gari, hivyo tarehe ya kugeuzwa kuwa la mizigo inaweza kuwa humo. Likikosekana, herufi za namba ya usajili zinataja wilaya ilikosajiliwa, na rejista za wilaya nyingi ziko kwenye hifadhi za nyaraka za huko au The Bus Archive (zamani Kithead Trust), mjini Droitwich.

SWALI: Mercedes 240D pikapu, ya toleo ambalo kiwanda kiliita W123, ni ya kiwandani? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hapana. Namba ikianza WDB123123, ilizaliwa saluni. 123183 ni stesheni wagoni. Pima umbali wa ekseli kabla hujaondoka: saluni ni mita 2.795. Ukipata kama mita 3.43, una chasisi ndefu iliyotumika kwa limozini, magari ya wagonjwa na ya maiti. Hiyo ni adimu, usiikate zaidi.

SWALI: Namba ya chasisi imesagwa kwa grenda. Nipige mpya? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Usipige. Namba uliyojipigia inakufanya mshukiwa hata kama gari ni lako halali. Acha chuma kilivyo, usikipake rangi, peleka gari na karatasi zote polisi. Wataalamu wao wanaweza kurudisha namba iliyofutwa kwa kemikali, mradi chuma hakijasagwa kupita kina cha mgandamizo. Kama hujalilipia bado, usililipie.