Kabla ya kugawanya, uliza: kati ya nani?

Wewe unayeanza takwimu, usiliogope jedwali la pande mbili, yaani lile linalohesabu watu kwa sifa mbili kwa pamoja: moja kwenye mistari (hapa daraja), nyingine kwenye safu (hapa kupona au kutopona). Hesabu yake ni kugawanya tu. Kinachowaangusha wengi ni namba ya chini: unagawa kwa jumla ipi?

Chukua meli ya Titanic, iliyozama Aprili 1912. Data inayotumika sana kufundishia ina watu 2,201, na walionusurika ni 711. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa 325, wakapona 203. Hiyo 203 peke yake inazaa majibu matatu. Uwezekano wa mtu kuwa wa daraja la kwanza na pia kupona: gawa kwa 2,201, upate 0.09. Ukiambiwa "ikiwa ni wa daraja la kwanza", umefungiwa ndani ya mstari wao: 203/325, yaani 0.62. Ukiambiwa "ikiwa alipona", umehamia safu ya waliopona: 203/711, yaani 0.29. Mimi huziba kwa karatasi sehemu yote isiyohusika. Ni mbinu ya kitoto, ila kwenye mtihani inaokoa.

Tuje kwenye uhuru, yaani sifa mbili kutohusiana. Kama daraja lisingehusiana na kupona, hao 325 wangepona kwa kiwango cha meli nzima, kwa hiyo tungetarajia 325 × 711 ÷ 2,201, sawa na 105. Walipona 203. Tofauti ni 98; izidishe kwa yenyewe, gawa kwa 105, unapata 91.5. Ukifanya hivyo kwa kila kisanduku cha jedwali na kujumlisha, unapata kai-skwea, kipimo cha jinsi data ilivyo mbali na uhuru. Jedwali lina mistari 4 (madaraja matatu na wafanyakazi wa meli) na safu 2, hivyo digrii za uhuru, yaani (mistari − 1) × (safu − 1), ni 3, na mpaka ambao kai-skwea ikiuvuka tunakataa wazo la uhuru, kwa kiwango cha asilimia 5, ni 7.81. Kisanduku kimoja tu kimeshauvuka! Kai-skwea nzima ni 190.4.

Sasa linganisha daraja la tatu (178 kati ya 706) na wafanyakazi (212 kati ya 885). Kai-skwea ni kama 0.3; sasa mistari ni 2, digrii ya uhuru ni 1, na mpaka ni 3.84. Usikimbilie kuandika kwamba kazi ya mtu melini haikuhusiana na kupona. Wafanyakazi wanawake walikuwa 23 tu, daraja la tatu walikuwa 196, na wanawake ndio waliotangulizwa kwenye mashua. Ukibaki na wanaume peke yao, daraja la tatu walipona 88 kati ya 510, wafanyakazi 192 kati ya 862. Ni asilimia 17 kwa 22, na kai-skwea inakaribia 5, juu ya mpaka wa 3.84.