Maelezo ya zana yaseme inachobadilisha

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wakala wenu wa akili mnemba (programu inayotenda kazi kwa niaba yenu), aliyeagizwa kusogeza tarehe ya mgeni mmoja wa hoteli hapo Malindi, aliifuta nafasi yake nzima ya chumba. Modeli, yaani akili mnemba inayomwendesha wakala huyo, haisomi msimbo wa kompyuta ulio nyuma ya zana, yaani kitendo cha mfumo ambacho wakala huweza kukiita. Husoma jina la zana, maelezo yake na vigezo (taarifa ambazo zana hupokea) tu, na ninyi mmeandika "Husimamia nafasi za wageni", maneno yasiyotofautisha kusogeza na kufuta. Mimi ningeandika hivi: "Hubadilisha tarehe za nafasi iliyokwisha kuthibitishwa, bila kugusa malipo. Hupokea namba ya nafasi, si jina la mgeni. Tarehe iandikwe kama 2025-08-14. Isitumike kufuta." Kufuta kuwe na zana yake peke yake, na maelezo yaseme wazi kwamba kitendo hicho hakitenguliki na chumba huachiwa wengine papo hapo, kwa sababu anayeumia ni mgeni anayefika mapokezi na mizigo yake akaambiwa hana chumba. Elezeni pia kinachotokea zana ikiitwa mara mbili, maana mtandao ukikatika wakala huweza kujaribu tena. Ruhusa ya kufuta, hata hivyo, izuiwe ndani ya mfumo wenyewe mpaka meneja aidhinishe, kwani maelezo humwongoza wakala tu, hayamzuii.