Satoshi ni koini nyingine au ni Bitcoin hiyohiyo?

Mkuu umeuliza kama satoshi ni koini nyingine, na kama ni lazima ununue Bitcoin nzima. Hapana kwa yote mawili. Satoshi ni kipande kimoja cha Bitcoin hiyohiyo ikikatwa vipande milioni 100, na mtandao wenyewe hauna habari na desimali, unahesabu satoshi moja moja kwa namba kamili, hizo 0.000 unazoziona ni waleti yako tu imeamua kukuonyesha hivyo.

Mimi nililielewa hili baada ya kuumia. Nilikuwa namtumia mtu Bitcoin 0.00045 nikaandika 0.0045, sifuri moja tu, na nilisoma mara mbili kabla ya kubonyeza nikaona iko sawa, maana sifuri zikiwa nyingi macho yanazipita tu. Yaani satoshi 45,000 zikawa 450,000, na muamala ukishaingia kwenye bloku (ukurasa wa daftari la mtandao) hakuna wa kumlilia. Bahati yule jamaa ni muungwana, akanirudishia. Siku ileile nikaingia kwenye mipangilio nikaiweka waleti isome satoshi, na hapo uwe makini kwa sababu zingine zina mBTC ambayo ni satoshi laki moja.

Kwa Ether, koini ya mtandao wa Ethereum, kipande cha mwisho ni wei, gwei moja ni wei bilioni moja, na bei ya gesi (kipimo cha kazi ambayo mtandao unakufanyia) inatajwa kwa gwei. Kutuma Ether kawaida kunakula gesi 21,000, zidisha kwa bei ya wakati huo umepata ada.

Sasa kwenye ada ya Bitcoin ndo wengi wanapigwa. Haiangalii unatuma kiasi gani, inaangalia ukubwa wa muamala, inahesabiwa satoshi kwa kila baiti pepe (vB), kipimo cha ukubwa kinachotumika kwenye ada. Mimi nilipokea satoshi 600 mara kumi nikajua nina 6,000 zangu safi, kumbe ukizituma kila kipande ulichopokea, yaani kila 600, kinaingia kivyake kwenye muamala, kwa anwani zinazoanza na bc1q ni kama baiti pepe 68 kila kimoja, na siku hiyo ada ilikuwa satoshi 20 kwa baiti pepe, piga mwenyewe, 1,360 kukitumia kipande cha 600! Nikaziacha hapohapo mpaka ada iliposhuka hadi 2, nikazituma zote kumi kwa mkupuo kwenye anwani yangu mwenyewe zikawa kipande kimoja, ada kama 1,450, nikabaki na 4,550 hivi.