Jiwe limekwaruza kioo: je, ni almasi?

SWALI: Mimi ni mchimbaji mdogo hapa Nzega, Tabora. Nimepata jiwe angavu lenye pande sita. Nimelisugua kwenye kipande cha kioo cha dirisha, likaacha mkwaruzo. Wenzangu wanasema ni almasi, na mmoja anataka tuligonge kwa nyundo tuhakikishe. Mtaalamu, tufanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza wekeni nyundo chini! Ugumu wa madini ni uwezo wa kukwaruza na kustahimili mkwaruzo. Kuvunjika ni habari nyingine kabisa. Almasi halisi ikigongwa hupasuka, na hapo mtakuwa mmeharibu mali yenu wenyewe.

Kioo nacho hakitoshi kuwa ushahidi. Kwenye kipimo cha ugumu alichobuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, talki, madini laini kabisa, ni 1 na almasi ni 10. Kioo cha dirisha kiko kwenye 5.5 hivi. Kwatzi, madini angavu yanayopatikana kwa wingi, ina 7, kwa hiyo inakikwaruza bila shida, na hata felspa yenye 6, iliyojaa kwenye mawe ya itale huko kwenu, inaweza.

Hizo pande sita ndizo zinazonifanya nidhani mna kwatzi. Ligeuzeni juani: mkiona mistari myembamba inayokatiza pande hizo kwa mlalo, dalili inazidi. Almasi ghafi mara nyingi huwa na nyuso nane za pembetatu.

Kwa uhakika zaidi, tafuteni msasa mweusi wa mafundi wanaopaka magari rangi. Chembe zake kwa kawaida ni silikoni kabaidi, ugumu wake unapita 9. Sugueni sehemu ndogo ya upande mmoja, kisha pitisheni kidole chenye maji. Msiruke hatua hiyo, maana unga wa msasa wenyewe huonekana kama mkwaruzo. Uso ukibaki umefifia baada ya kufutwa, si almasi. Almasi msasa hauiwezi: kati ya 9 na 10 panaonekana hatua moja tu, lakini kwa vipimo vya mashine almasi ni ngumu takriban mara nne kuliko yakuti yenye 9.

Ikiwa ni kwatzi, rudini mlipoitoa. Dhahabu ya Nzega hupatikana sana kwenye mishipa ya kwatzi, yaani nyufa za mwamba zilizojaa kwatzi. Mkikuta chembe ya njano, ijaribuni kwa ncha ya kisu: dhahabu, yenye 2.5 hadi 3, huingia kisu na kubonyea; piriti, madini ya njano yanayofanana na dhahabu, yenye 6 na zaidi, hukataa kisu, na ukiilazimisha humeguka kuwa unga mweusi.