Unaanza gofu? Jina la kampuni liache mwisho

Mkuu, umeuliza ununue fimbo za gofu za Callaway, TaylorMade au Ping. Nimezichezea zote tatu, na Mizuno juu yake, na kwa uzoefu wangu tofauti kubwa haiko kati ya kampuni na kampuni. Iko ndani ya kampuni moja.

Chukua Titleist. Aironi (fimbo za chuma zenye namba) za T100 ni za mtu anayegonga mpira katikati ya uso wa fimbo karibu kila mara. T350 zina kichwa kikubwa, na hata ukigonga pembeni mpira unafika karibu na ulikokusudia. Ping nao wana Blueprint za wachezaji mahiri na zile za familia ya G za sisi wengine. Ukisikia mtu anasema Titleist haimfai anayeanza, muulize alishika ipi.

Unafuu huo una sababu yake. Karsten Solheim, mhandisi wa General Electric aliyeanzisha Ping mwaka 1959, aliutoa uzito katikati ya kichwa cha fimbo akaupeleka kwenye kingo, ili kichwa kisizunguke mpira ukigongwa kando. Leo kampuni zote kubwa zinafanya hivyo. Kwa hiyo dukani geuza aironi uitazame mgongo. Ukiwa umechimbika na kingo ni nene, endelea kuitazama. Ukiwa bapa na mwembamba, rudisha, muuzaji asifie atakavyo. Zipo pia zilizozibwa mgongo lakini ndani ni tupu. Hizo angalia sehemu inayogusa nyasi, pana ndiyo yako.

Sasa mtego wenyewe. Watakuweka mbele ya mashine ya kupimia umbali, ugonge aironi namba 7 za kampuni mbili, na moja itaenda mbali zaidi. Kabla hujatoa pesa uliza zina nyuzi ngapi, yaani uso wa fimbo umeinama kiasi gani: nyuzi zikipungua, mpira unaenda mbali zaidi. Namba 7 ya zamani ilikuwa na nyuzi 34 hivi. Nyingi za wanaoanza sasa zina 30 au chini yake, yaani ni kama namba 6 ya zamani iliyopigwa chapa mpya. Si udanganyifu, maana uzito umeshushwa chini na mpira unapaa vizuri tu, ila hapo hujalinganisha kampuni, umelinganisha nyuzi. Na taabu yake utaiona baadaye kwenye weji (fimbo za mipigo mifupi ya juu): ile inayokuja na seti ikiwa na nyuzi 43, kisha ukaongeza ya mchangani ya 56, kwa umbali wa katikati utabaki huna fimbo.

Shafti, ule mti mrefu wa fimbo, ndiyo ningeitolea macho kuliko jina. Kama mkono wako si wa kasi, shafti ngumu yenye alama ya S itakupa mipira ya chini inayokwenda kulia (kama unatumia mkono wa kulia), na utadhani tatizo ni wewe. Jaribu ya R, iliyo laini zaidi, kwanza. Ping wana lao hapa: nukta za rangi kwenye aironi zinaonyesha kichwa kimelazwa au kusimamishwa kiasi gani kulingana na mwili wako. Nyeusi ndiyo ya kawaida, na kwa mtu mrefu sana au mfupi sana huenda isifae.

Mtumba nauunga mkono kabisa. Draiva (fimbo ya mipigo mirefu kabisa) ya miaka michache nyuma haina upungufu utakaouhisi wewe. Angalia tu kwamba kiungio cha shafti cha kampuni moja kwa kawaida hakiingii kwenye kichwa cha nyingine, na kwamba Nike waliacha kutengeneza fimbo mwaka 2016, kwa hiyo vipuri vyake ni vya kuwinda. Fimbo mpya ya jina kubwa kwa bei ya kutupa iogope. Zinazoghushiwa ni hizo hizo maarufu.

Sheria inaruhusu fimbo 14, wewe saba zinakutosha kwa sasa. Mipira nunua ya bei nafuu ya tabaka mbili, aina moja tu, usichanganye. Pro V1, mipira ya bei ya juu ya Titleist, subiri kwanza uache kuilisha vichaka.