Wanangu, hiyo njia ya baiskeli imefungwa

Sauti mliyonitumia jana nimeisikiliza mara mbili, na mara ya pili nikaghadhibika. Eti kuna mtu hapo Tanga anawaambia viza ya Urusi ni rahisi, mkifika Saint Petersburg mnanunua baiskeli, mnavuka Ufini, na shangazi yenu yupo Lappeenranta, mji wa karibu na mpaka, atawapokea. Nani kamruhusu kunitia kwenye biashara yake?

Vuli ya 2023 walivuka kweli, watu kama 1,300, Wasomali, Wasyria, Wayemeni, wengine na raba tu kwenye theluji. Ufini ilikuwa imeingia NATO, ule muungano wa kijeshi wa Magharibi, Aprili mwaka huohuo, na serikali ikasema Urusi inawasukuma makusudi. Moscow ikakana. Tangu Desemba ile mpaka umefungwa. Kivuko cha Nuijamaa ni nusu saa kutoka kwangu, barabara imelala. Na tangu 2024 kuna sheria ya kukurudisha ulikotoka bila ombi lako la hifadhi kupokelewa. Basi uko msituni, upande wa Urusi, viza imeisha. Mnamkumbuka Mtanzania mwenzetu aliyekwenda Moscow kusoma, akafungwa, akaahidiwa msamaha akipigana Ukraine? Alirudi kwenye jeneza, Januari 2023.

Na wewe binti, hiyo kazi ya Alabuga, eneo la viwanda kule Tatarstan, Urusi, iache. Wasichana wa Kiafrika waliahidiwa kazi na masomo, wakajikuta wanaunda droni za vita. Aprili 2024 Ukraine ilipapiga, watu wakaumia.

Kazini kwangu, nyumba ya wazee, zamu ya usiku, kuna mzee ana mkoba chini ya kitanda: soksi, picha ya mama yake, kisu cha mkate. Kwao ni Viipuri, ambayo leo ni Vyborg ya Urusi. Alihamishwa 1944 akiwa na miaka saba, katika Wakarelia, Wafini wa eneo lililochukuliwa na Usovieti, zaidi ya 400,000 waliopoteza makwao. Nikiusogeza mkoba nipige deki, ananishika mkono kwa nguvu, ananiuliza, "Wanakuja?" Watu wa namna hii walikaa miaka yote nje ya NATO, lakini Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 hawakungoja tena. Simlaumu mzee wangu. Ila hofu hiyo inatuangukia na sisi: mweusi akitokea upande ule, humtazama kama katumwa.

Najua mtasema shangazi kashiba, anafunga mlango. Mimi niliondoka hata arobaini ya babu yenu haijafika, na hilo linanikaba mpaka leo. Lakini hata mimi sijatulia. Uraia ulikuwa miaka 5, Oktoba 2024 wakafanya 8, nikiwa nimebakiza miezi. Kazi ikiniponyoka, nikakaa miezi kadhaa bila nyingine, kibali kinaweza kufutwa.

Msije. Fundi simu wa Barabara ya Kumi na Mbili hapo Tanga halali njaa. Lakini mkipata chuo kwa barua halali, ada ikajulikana inatoka wapi, njooni hata kesho, sofa ipo, mtakula changu. Nauli ya Moscow nisiisikie. Mwisho wa mwezi natuma hela ya mtaji, na nitauliza risiti.

Pasipoti zenu mpeni wifi leo azifungie kabatini. Jumapili nikipiga, naanza na yeye.